Tupeane uzoefu: nani mwingine aliitazama Neria akamwona mama yake?

Wakuu, habari zenu. Juzi nimeitazama tena Neria, ile filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliyoiongoza Godwin Mawuru kwa kisa cha Tsitsi Dangarembga. Huku kwetu wengi wanaujua wimbo wa Oliver Mtukudzi tu, wala hawajui kwamba mle ndani yeye ndiye aliyeigiza kaka wa Neria.

Mume wa Neria anagongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, anafariki. Shemeji mtu, Phineas, anaingia na neno moja: mila. Anabeba kitabu cha benki, vyombo, mwishowe hata watoto.

Kwetu baba alifariki nikiwa darasa la tano. Arobaini haijafika, baba mdogo akaja na pikapu. Mama alishika meza ya cherehani upande mmoja, wao wakavuta upande wa pili. Ile cherehani aliinunua kwa hela yake ya vitumbua. Jesesi Mungoshi alivyoigiza Neria, yule ni mama yangu kabisa.

Nani mwingine? Karibuni.

---

Pole sana kaka. Neria alipata mwanasheria, na hapo ndipo nilipolia. Sisi kikao cha ukoo kilimpitisha shemeji wa mama kuwa msimamizi wa mirathi. Mama akaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti chake cha ndoa, akaweka pingamizi. Miaka miwili ya nauli na njoo kesho, ila nyumba ikabaki. Na tusiwalaumu mashemeji peke yao: kanuni za sheria ya mila za 1963 hapa Tanzania zinasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Dada zangu, cheti cha ndoa tunzeni.

---

Mimi nilikuwa upande wa Phineas. Nilikuwa na miaka 19, baba akaniambia twende tukachukue vitu vya marehemu mdogo wake. Friji nilishika mimi, upande wa chini. Mama mdogo alisimama mlangoni akatupisha tupite.

Neria nilikuja kuiona chuoni. Phineas alipoanza kubeba vitu nikatoka nje, sikuimaliza siku ile.

Mwaka jana nilimpelekea mama mdogo friji nyingine. Akaniuliza kama nimekula.