Je, ninunue Stratocaster hii inayosemekana kuwa ya mwaka 1965?

Mpiga Solo, Jinja

Habari zenu, wanamuziki wenzangu. Ninapiga gitaa la solo katika bendi inayotumbuiza hotelini na kwenye harusi hapa Jinja. Nimepata nafasi ya kununua gitaa la aina niliyoitamani tangu ujana wangu, Fender Stratocaster iliyokuwa mali ya mpigaji mmoja aliyekwisha kufariki. Familia yake inasema ni ya mwaka 1965 na inataka shilingi milioni 11, pamoja na amplifaya ya Marekani ya enzi hizohizo.

Nimelikagua kadiri ya uwezo wangu. Kichwa chake ni kikubwa, na pale nyuzi zinapoingilia kichwani kimechomoza chuma chenye umbo la risasi. Nyuma, shingo imefungwa kwenye mwili kwa skrubu tatu, na bamba la chuma lililo hapo limechorwa herufi F kubwa na namba yenye tarakimu sita. Freti za juu, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo, zimelika, lakini sauti yake ni tamu mno, na shingo imelainika kwa kushikwa miaka mingi hivi kwamba sikutaka kuliweka chini. Tatizo ni kwamba, ili nifikishe kiasi hicho, itanibidi niuze gitaa nililo nalo sasa, ambalo ndilo linalonilisha. Naomba ushauri wenu.

Fundi wa Magitaa, Katwe

Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa, gitaa hilo haliwezi kuwa la mwaka 1965. Stratocaster za wakati huo zilifungwa shingo kwa skrubu nne. Skrubu tatu, pamoja na chuma hicho cha umbo la risasi, zilianza kutumika kwenye Stratocaster mwishoni mwa mwaka 1971, na namba ya utambulisho ilihamishwa kutoka kwenye bamba la nyuma kwenda kichwani mwaka 1976. Kwa hiyo, ikiwa vipande vyote ni vyake vya asili, gitaa hilo limetengenezwa kati ya miaka hiyo miwili. Siwatuhumu wenye mali kwa udanganyifu, kwani huenda marehemu mwenyewe aliuziwa kwa maelezo hayo, na familia inarudia tu ilichosikia.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika bei. Kampuni ya utangazaji ya Marekani, CBS, iliinunua Fender, watengenezaji wa Stratocaster, mwezi Januari 1965, na wakusanyaji wa ala za zamani hulipia zaidi sana zile zilizotengenezwa kabla ya hapo au karibu na hapo. Za miaka ya sabini zina sifa mbaya kuliko zinavyostahili, kwa maoni yangu. Nimewahi kushika zenye miili mizito ya kuchosha bega, na nimewahi kushika nyingine ambazo ningezinunua siku hiyohiyo kama ningekuwa na fedha. Kila moja ipimwe peke yake.

Kabla ya kuzungumzia fedha, omba ruhusa ya kulifungua. Legeza nyuzi, ondoa skrubu za bamba la plastiki la mbele, kisha uligeuze taratibu ili usikate waya. Utaona vidhibiti vitatu vya sauti, na mgongoni mwa kila kimoja kuna namba iliyogongwa. Ukikuta, kwa mfano, 1377412, basi 137 ni alama ya kiwanda cha CTS, 74 ni mwaka, na 12 ni wiki ya mwaka huo. Namba hiyo haithibitishi siku ambayo gitaa lilikamilika, bali inathibitisha kwamba halikukamilika kabla ya hapo. Angalia pia risasi ya kulehemu: ya zamani imefifia, na iliyowekwa juzijuzi bado inang'aa. Usidharau hatua hii, kwa sababu viwanda vya Japani vilinakili muundo huohuo katika miaka ya sabini, na jina la kichwani linaweza kubandikwa na mtu yeyote.

Mwisho, shika mwili wa gitaa kwa mkono mmoja na usukume shingo kidogo pembeni. Magitaa hayo ya skrubu tatu yana tabia ya kucheza pale shingo inapoingia mwilini, hasa kama tundu lake lilichongwa kwa ulegevu. Ukiona uzi mwembamba kabisa unakaribia kuanguka nje ya ukingo wa shingo, hiyo ni kazi ya fundi, nayo ina gharama.

Mzee wa Rumba, Kampala

Mwanangu, fundi amekueleza vyema, nami nitaongeza la upande wa kupiga. Pikapu za Stratocaster, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zina mwangaza unaofaa sana solo ya rumba, kwa sababu kila noti inasikika imejitenga hata pale mpigaji wa mi-solo, lile gitaa lililo kati ya solo na ridhimu, anapoingia kwa kasi. Lakini pikapu za koili moja huvuma, na katika kumbi zetu nyingi zenye nyaya zilizounganishwa ovyo na jenereta iliyo karibu, mvumo huo utausikia kila unaponyamaza kupiga. Lipige ukumbini mnakofanyia kazi, siyo sebuleni pao.

Kuhusu kuuza gitaa linalokulisha, nakusihi usifanye hivyo. Gitaa la umri huo litahitaji kwenda kwa fundi, pengine kwa majuma kadhaa akisubiri freti kutoka nje ya nchi. Harusi za Jumamosi utazipigia nini? Kama huwezi kulinunua bila kuuza lile la kwanza, basi bei hiyo si yako kwa sasa.

Mweka Hazina wa Kwaya, Mbale

Hii ni mali ya urithi. Hakikisha mjane na watoto wote wamekubali kuuza, muandikiane mkataba wenye namba ya gitaa, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aweke sahihi na muhuri. Tuliwahi kununua kinanda kutoka kwa ndugu mmoja wa familia, na ndugu mwingine akaja kukidai kanisani.

Mpiga Solo, Jinja

Nawashukuru nyote kwa dhati. Familia ilinikubalia kulifungua mbele yao. Vidhibiti viwili vina namba inayoanza na 13773, yaani mwaka 1973, na cha tatu ni kipya. Pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, imebadilishwa, na risasi yake inang'aa kama fundi alivyosema. Shingo haichezi. Niliwaonyesha namba hizo na kuwaeleza maana yake kwa utulivu, na mjane, ambaye ndiye msemaji wa familia, amekubali milioni 7, nusu sasa na nusu baada ya msimu wa harusi za Desemba. Gitaa langu sitaliuza. Nimekubali, na mkataba tutauandika mbele ya mwenyekiti wiki hii. Je, pikapu ile ngeni niitoe?

Fundi wa Magitaa, Katwe

Kwa gitaa la kufanyia kazi, bei hiyo ni ya haki. Pikapu iache kama inakuridhisha. Ila uulize kama ile ya asili imehifadhiwa mahali, maana mafundi wa zamani waliirudisha kwa mwenyewe ndani ya mfuko, na ikipatikana itakusaidia siku ukitaka kuuza. Freti usizibadilishe zote kabla sijaziona, kwa kuwa zilizolika kidogo husawazishwa kwa kupigwa tupa, na gharama yake ni ndogo zaidi.

Halafu kuna ile amplifaya, ambayo hakuna kati yetu washauri aliyeizungumzia. Soma maandishi yaliyo nyuma yake kabla ya kuichomeka popote. Za Marekani hutengenezwa kwa volti 120 hivi, na umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo bila transfoma ya kupunguza umeme itaungua mara moja. Hata ukipata transfoma, iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa ifunguliwe kwanza na fundi anayezijua, kwani kapasita zake, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, huenda zimekufa, na ndani yake mna umeme wa kuua mtu hata baada ya plagi kuchomolewa.