Programu za ramani zinazobadili datamu bila kutuambia zimefanya nini: hali hii haivumiliki

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilikabidhiwa leya (tabaka la data za ramani) ya mipaka iliyopimwa kwa datamu ya zamani, yaani mfumo wa marejeo ambao latitudo na longitudo huhesabiwa kwao, nikaiagiza programu tunayoitumia kazini iihamishie kwenye WGS 84, datamu inayotumiwa na GPS. Ikamaliza mara moja, ikatangaza kwamba kazi imefanikiwa, na majiranukta yakatoka na desimali nane za digrii, yaani kiwango cha milimita moja hivi. Kumbe datamu haikuguswa. Faili la gridi, yaani jedwali la masahihisho ya kila eneo, halikuwamo kwenye kompyuta, kwa hiyo programu ikachukua latitudo na longitudo zilezile, ikazipa jina jipya, na mipaka yote ikaangukia makumi ya mita kando ya mahali pake. Hapakuwa na onyo lolote, wala hata mstari mmoja kwenye kumbukumbu ya kazi.

Wanaosema kwamba tofauti za namna hii ni ndogo wautazame mfano wa Marekani. NAD27, datamu ya zamani ya huko, imejengwa juu ya elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke ya 1866, ambayo nusu ya mhimili wake mkubwa ni mita 6,378,206.4, ilhali NAD83, datamu iliyoifuata, inatumia elipsoidi ya GRS 80, yenye mita 6,378,137. Latitudo na longitudo zilezile katika datamu hizo mbili hazionyeshi nukta moja ardhini, na tofauti inaweza kufikia mita 100. Isitoshe, mitandao ya zamani ya upimaji ina mikunjo yake, inayobadilika kutoka eneo moja hadi jingine, na ndiyo maana fomula moja haitoshi na gridi zikatengenezwa. Gridi ikikosekana, jibu la uaminifu ni kusimama na kusema kwamba imekosekana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba taarifa hiyo ipo. Maktaba ya PROJ, yaani msimbo wa kubadili majiranukta unaotegemewa na programu nyingi za ramani, tangu toleo la 6 la mwaka 2019 inaweza kuorodhesha njia mbalimbali za kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, pamoja na usahihi wa kila njia kwa mita pale unapojulikana, na njia ya kukisia tu huitaja waziwazi kuwa ni ya kukisia. Mtengenezaji wa programu anayeificha taarifa hiyo ili dirisha lake lionekane safi ameamua kwamba mimi mpimaji sistahili kujua nilichokabidhiwa.

Tukija kwenye njia ya kubadili datamu kwa vigezo saba, yaani kusogeza kwa pande tatu, kuzungusha kwa pande tatu na badiliko moja la kipimo, mambo ni mabaya vilevile. Rejista ya EPSG, orodha ya misimbo ya mifumo ya majiranukta na njia za kuibadili, inatambua kanuni mbili za kuzungusha, ya 9606 na ya 9607, na alama za mizunguko katika kanuni hizo zimepingana: chanya ya huku ni hasi ya kule. Sekunde moja ya pembe (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) juu ya uso wa dunia ni takriban mita 31, hivyo mzunguko wa sekunde moja ukiingizwa kwa alama isiyo yake unaweza kuzaa kosa la mita 60 na zaidi. Hata hivyo, bado kuna programu zenye visanduku saba vitupu ambavyo havisemi vinafuata kanuni ipi. Mtu atabahatishaje jambo kama hilo kwenye kazi ya mipaka?

Sitakaa sana kwenye amri ya kutaja mfumo ambao data tayari zinao, iliyowekwa ubavuni mwa amri ya kuzihamisha kwenda mfumo mwingine, huku majina yao yakikaribiana kiasi kwamba mgeni hawezi kuzitofautisha. Wala sitakaa kwenye EPSG:4326, msimbo wa WGS 84 kwa latitudo na longitudo, ambayo kwa rejista huanza na latitudo, lakini programu nyingi huanza na longitudo bila kueleza.

Ninachokidai ni hiki: kila faili lililobadilishwa liandikwe ndani yake njia iliyotumika, msimbo wake wa EPSG, gridi iliyosomwa na usahihi unaotarajiwa, na pasipo na njia ya kuaminika programu ikatae kuendelea hadi mtumiaji aidhinishe mwenyewe. Wenye programu inayofanya hivyo bila kulazimishwa, naomba muitaje hapa, kwa sababu hii ya sasa sitaikabidhi leya nyingine ya mipaka.