Brashi ya hewa kwa michoro ya matangi ya boda boda: nianze na vifaa gani?

Mchoraji_Kondele
Habari zenu mafundi. Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Kondele, Kisumu, na kazi yangu yote nimeifanya kwa brashi za kawaida. Siku hizi waendesha boda boda wananiomba niwachoree matangi na helmeti kwa mtindo ule wa rangi inayofifia taratibu hadi kuingia kwenye nyingine, kama tunavyouona kwenye matatu, na kwa brashi ya mkono kazi hiyo haitoki vizuri. Nimetenga shilingi 25,000. Mtandaoni naona seti za bei nafuu za brashi ya hewa, yaani kalamu ndogo inayopuliza rangi kwa hewa, zenye kikompresa kidogo kinachofungwa kwenye brashi yenyewe. Pia jirani yangu wa gereji ana kompresa kubwa ya kupulizia magari, naye ameniruhusu kuitumia. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

FundiRangi_Nakuru
Ndugu, anza na hewa kabla ya kufikiria brashi, kwa sababu brashi nzuri ikipewa hewa mbaya huchora vibaya. Vile vikompresa vya betri vinafaa keki, kucha na vitu vidogo vinavyotumia rangi nyepesi sana, lakini kwa rangi ya gari utachoka navyo upesi.

Kompresa ya jirani inatosha kabisa, maana brashi ya hewa hutumia presha ya kati ya psi 15 na 30 tu, na hewa kidogo mno kuliko bunduki ya kupulizia gari. Sharti ni mbili. Kwanza, uwe na kidhibiti presha chako mwenyewe, na ukirekebishe huku umebonyeza kitufe cha brashi, kwa kuwa hewa ikianza kutoka mshale wa geji hushuka, na kile ulichosoma kabla ya hapo si presha unayochorea. Pili, ufunge kichujio cha maji na mafuta. Hewa ikikandamizwa hupata joto, kisha ikipoa ndani ya mpira wa kupitishia hewa unyevu wake hugeuka matone, na hapo Kisumu kando ya ziwa unyevu haukosekani. Kwa hiyo kichujio kikae mbali na kompresa, karibu na unapochorea, ili hewa iwe imepoa kabla ya kukifikia. Kompresa za gereji nyingi hulainishwa kwa oili, na chembe za oili zikifika kwenye tangi, rangi hujivuta na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Kabla ya kuchora, puliza hewa tupu juu ya kioo safi, kisha ukiinamishe kwenye mwanga: ukiona ukungu wa mafuta au tone lolote, kazi isianze.

Mwalimu_wa_Sanaa_Kakamega
Nakubaliana na fundi wa Nakuru kuhusu hewa. Kwa kuwa kompresa umeipata bure, fedha nyingi iende kwenye brashi moja nzuri badala ya seti ya brashi tatu.

Wapo watakaokuambia uanze na ile ya kitendo kimoja, ambayo ukibonyeza hutoa hewa na rangi kwa kiasi ulichokwisha kukipima kwa skrubu. Mimi sikushauri hivyo, kwa kuwa mfifio unaoutaka hutokana na kidole kuongeza na kupunguza rangi mkono ukiwa bado unatembea. Chukua ya vitendo viwili, unayobonyeza kupata hewa na kuvuta nyuma kupata rangi, yenye kikombe juu. Nozeli, yaani tundu la kutolea rangi, iwe ya milimita 0.3 hadi 0.5, ile ya 0.2 inavutia, lakini rangi yenye chengachenga za metali huiziba. Iwata, Badger na Harder & Steenbeck ni majina ya kuaminika, ila kwanza muulize muuzaji kama sindano na nozeli za akiba zinapatikana, kwa maana ncha ya sindano ikipinda, mstari hutoka upande. Angalia pia nyuzi za skrubu za kuunganishia mpira: Iwata hutumia inchi 1/8, huku Badger ikiwa na nyuzi zake yenyewe, hivyo huenda ukahitaji adapta.

Mchoraji_Kondele
Nawashukuru sana. Nitatumia kompresa ya jirani. Je, na ile vanishi ya juu, yenye kuchanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, naweza kuipuliza mwenyewe nikiwa na barakoa ya kawaida?

FundiRangi_Nakuru
Hapana, tafadhali. Hadina nyingi za vanishi hiyo zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na aliyekwisha kudhurika nayo hushikwa na kifua hata kwa kiasi kidogo baadaye. Barakoa ya vumbi haiizuii, na hata ile ya mkaa haitoshi. Anayeipuliza anatakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Chora wewe, kisha kazi ya vanishi umpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia na vifaa hivyo, na gharama yake uiweke kwenye bei unayomtajia mteja tangu mwanzo. Kwa rangi zako za kuchorea zenye thina, nunua barakoa yenye vichujio vya mkaa na ufanyie kazi mahali panapopita upepo. Hiyo nayo itoke katika zile 25,000, kabla ya brashi.