Dogo anataka kwenda shoo ya kubaki kisiwani, mkataba wenyewe umenitisha. Nisaini?

Kaka Mkubwa wa Igogo:
Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, nina mdogo wangu wa mwisho ana miaka 21, tangu mzee afariki mimi ndo mlezi wake. Kuna jamaa wanarekodi rialiti shoo ya kurusha mtandaoni, vijana wanapelekwa kisiwa kimoja huku ziwani na anayebaki wa mwisho anachukua milioni tano. Mwanzo nilijua ni mambo ya kuvua na kupika, sikuwa na neno. Juzi kaniletea karatasi nisaini kama shahidi, nikasoma mstari kwa mstari: mshiriki akiumia, akiugua au akifariki mwandaaji hahusiki, picha zake zote ni mali yao milele, na akitoka kabla ya wiki kuisha anadaiwa gharama za kambi. Halafu kuna usiku wa adhabu, aliyepata kura chache analala peke yake kwenye mtumbwi ulioachwa majini, na watazamaji wanaweza kutuma hela ili aongezewe masaa!!

Mimi nimekua nikiangalia shoo ya Maisha Plus, wale akina mama wakulima wa Mama Shujaa wa Chakula nyumbani tulikuwa tunawajua kwa majina na mama alikuwa anawashangilia kama ndugu zake. Hii siielewi. Dogo hana kazi, ananiambia kaka unanizibia riziki. Wanataka jibu wiki hii, naombeni ushauri wa kweli.

Mvuvi wa Nansio:
Usisaini kaka. Mimi ziwa ndo ofisi yangu na nakwambia mtumbwi usiku bila mwenzio, bila boya na bila taa sio mchezo wa kuigiza. Upepo hauombi ruhusa, dakika chache tu mawimbi yanaingia ndani na kama hujui kuchota maji huku unapiga kasia umekwisha. Na huyo wa kwenye mtumbwi hata boti zingine hazimuoni. Waulize boti ya uokoaji itakaa mita ngapi toka alipo na nani anaiendesha. Huku Ukerewe tulizika watu wa MV Nyerere 2018, mtu akiniambia kuzama ni burudani roho inaniuma sana.

Mtafutaji_Buzuruga:
Wakuu mnamkatisha tamaa kijana. Ni mtu mzima, ana kitambulisho, anapiga kura. Richard alishinda Big Brother Africa 2007, Idris Sultan akachukua 2014 akarudi na dola 300,000 na leo kila mtu anamjua. Wangewasikiliza kaka zao wangekuwa wapi? Vijana wanapanda malori ya mchanga bila mkataba wowote na hakuna anayefungua uzi, ila akitaka kutoka kimaisha kwa kamera ndo tunaanza maadili.

Teddy_TV:
@Mtafutaji hoja ya umaskini ni ya kweli na ndo inaniumiza, maana hizi shoo zinajua nani atakubali. Ila usilinganishe nyumba ya Big Brother na mtumbwi. Hata kwenye shoo kubwa zenye madaktari watu wamekufa. Koh-Lanta ya Ufaransa 2013, walienda kurekodi Kambodia, kijana wa miaka 25 alifariki siku ya kwanza tu baada ya mchezo, moyo ulisimama, msimu mzima ukafutwa. Japani 1998 kuna mchekeshaji anaitwa Nasubi, walimweka chumbani uchi peke yake aishi kwa zawadi za bahati nasibu za magazeti, alikaa zaidi ya mwaka, akala mpaka chakula cha mbwa, na hakujua kwamba nchi nzima inamwangalia na kucheka. Mlango haukufungwa kwa kufuli. Alikubali mwenyewe, na bado alikuwa anaumia mbele ya watu.

Na hizo ni za televisheni, kuna chaneli ya kuishtaki. Agosti 2025 huko huko Ufaransa mrusha laivu Jean Pormanove alifariki akiwa laivu kwenye Kick, mtandao wa kurusha video, laivu iliyokuwa imeenda zaidi ya siku kumi, na kwa miezi watu walikuwa wanalipia kumwona anapigwa makofi na kutukanwa. Uchunguzi wa mwili ulisema hakufa kwa kipigo, sawa, lakini mimi najiuliza wale waliokuwa wanatuma hela walilalaje. Huku ndiko tunakoelekea, mtazamaji ndo anayeagiza maumivu kwa simu.

Dada Edita:
Nimewahi kuedit shoo, jina lake silitaji. Kaka hofu yako ya maji ni sahihi ila niongeze ya pili, baada ya kisiwa. Sisi tunapewa masaa mengi sana ya video tunatoa nusu saa, nikitaka mdogo wako aonekane mwizi wa chakula natafuta sekunde tatu anaangalia sufuria naziweka pale chakula kilipopotea. Inatosha. Hana pa kujitetea, picha ni mali ya mwandaaji MILELE kama ulivyosoma. Mwanamieleka Hana Kimura wa shoo ya Terrace House ya Japani aligombana na mwenzake kwa sababu ya nguo ya mieleka iliyoharibika kwenye kufua, kitu cha nyumbani kabisa, matusi ya mtandaoni yakamwandama mpaka akajitoa uhai Mei 2020 akiwa na miaka 22. Japani ilibidi waongeze adhabu ya kutusi 2022.

Kama dogo haambiliki basi badilisheni karatasi. Bima wanalipa wao. Kipengele cha kudaiwa akitoka kitolewe, maana mtu akiogopa deni atakaa hata akiugua. Na awepo mtu nje ya waandaaji mwenye mamlaka ya kusema zimeni kamera. Ufaransa 2009 mahakama yao ya juu ilisema washiriki wa shoo ya L'Île de la tentation ni wafanyakazi, wana haki za kazi. Wewe muulize huyo mwandaaji, dogo akiwa kule ni nani wake?

Kaka Mkubwa wa Igogo:
Asanteni sana, nimewasomea nyumbani. Nimepeleka masharti ya Dada Edita, bima wamesema wataangalia, kipengele cha deni wamekataa katakata. Nimegoma kusaini. Dogo kanuna, anasema atatafuta shahidi mwingine na kwa umri wake siwezi kumfunga. @Mvuvi, dogo kaomba namba yako, anataka kukuuliza mwenyewe habari ya mtumbwi usiku, nimekutumia PM. Na kama kuna mtu anajua ofisi ya msaada wa kisheria hapa Mwanza inayoweza kumpitishia huo mkataba bure kabla ya Ijumaa naomba aniambie.