Kizimba tumepata, chakula cha samaki hakitoshi: tukubali masharti ya mfanyabiashara?

Mama Nansio:
Habari zenu wakuu. Sisi ni wanawake 11, kikundi chetu kiko Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, miaka yote tumekuwa waanika dagaa. Tangu Rais Samia azindue ugawaji wa boti na vizimba (zile fremu za nyavu za kufugia samaki ziwani) pale Mwanza Januari 2024 tumekuwa tukifuatilia, na sasa tumepitishwa kwa mkopo wa serikali usio na riba. Tunapewa kizimba kimoja, vifaranga 5,000 vya sato na mifuko 50 ya chakula cha kuelea, kila mfuko kilo 20. Afisa uvuvi ametueleza mapema kwamba mifuko hiyo haitatufikisha kwenye mavuno. Akiba yetu inaweza kununua mingine kama 40 hivi.

Amejitokeza mfanyabiashara wa mjini. Yuko tayari kutupa chakula chote kinachobaki kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, ila samaki wote tumuuzie yeye, kwa bei tunayoandikishana leo. Wenzangu wengi wanataka tusaini Jumatatu. Mimi ndiye mweka hazina na moyo unasita. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufuga kwenye vizimba.

Fundi Vizimba:
Hongera mama. Kwanza tupige hesabu, maana wengi huanguka hapa. Tuseme kati ya vifaranga 5,000 wamekufa 500, na hao 4,500 unawavuna wakiwa na gramu 400. Hizo ni kilo 1,800 za samaki. Mfugaji anayeanza akiwa makini hutumia kama kilo 1.6 za chakula kupata kilo moja ya samaki. Unahitaji kilo 2,880, yaani mifuko 144. Mnayo 90 ukijumlisha na akiba yenu.

Tena chakula hakiliwi sawasawa kila mwezi. Mwezi wa kwanza wa kufuga mfuko mmoja unakaa mpaka mnajiona matajiri. Ikifika mwezi wa tano, samaki wameshakuwa wakubwa, mifuko inaisha huku mkitazama, na hapo ndipo watu huanza kuwapa pumba tupu. Sato akidumaa mwezi wa tano, fedha yote ya nyuma imezama.

Ushauri wangu: pandikizeni kwa kadiri ya chakula mlichonacho, msitazame ukubwa wa kizimba. Vifaranga 3,000 kwa hesabu hiyohiyo vinataka mifuko kama 86.

Mkulima wa Siaya:
Salamu kutoka upande wa pili wa ziwa, dada. Huku kwetu Kenya, kuanzia mwaka 2009 serikali ilichimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila bwawa mita za mraba 300. Tulipewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Bwawa la baba lilikuwa la kwanza kijijini na tulivuna vizuri mara moja. Msimu wa pili chakula kilikuwa juu yetu, na duka lililokuwa nacho lilikuwa mbali sana. Leo pale pameota matete. Sikulaumu kupokea kizimba, kipokeeni kwa mikono miwili. Lakini kabla hamjavuna mara ya kwanza, muwe mmeshajua fedha ya chakula cha msimu wa pili inatoka wapi.

Mwana wa Ziwa:
Mimi nilipoteza karibu kizimba kizima kwa asubuhi moja. Usiku upepo ulivuma sana, ziwa likajigeuza, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Alfajiri nikakuta samaki wote wako juu wanahema, midomo wazi, maji yamekuwa na rangi ya ugoro. Kijana wangu akadhani wana njaa akawatupia chakula! Samaki wakiwa hivyo usiwalishe kabisa.

Kwa hiyo kwenye huo mkataba tafuta kipengele kimoja: samaki wakifa kwa hali ya ziwa, deni la chakula linakuwaje? Kama halijaandikwa, mtalilipa ninyi, tena pamoja na mkopo wa serikali. Na nyavu mzisugue mara kwa mara, ukoga ukiziba matundu maji hayapiti.

Mchuuzi Kirumba:
Naona mnamwogopa sana huyo mfanyabiashara. Mtu anayetoa chakula miezi sita bila kushika hata shilingi naye anahatarisha mtaji wake, na bila watu kama yeye kizimba cha serikali kitabaki chuma na wavu. Tatizo ni bei ya leo kwa samaki wa miezi sita ijayo. Mwambieni hivi: bei iwe ya siku ya mavuno, ile inayosomwa mwaloni samaki wanaposhushwa, mkatie kiasi fulani kwa kila kilo kwa ajili ya chakula chake. Na mzani uwe wenu. Nimeona kilo nyingi zikipotea kwenye mizani ya wanunuzi.

Fundi Vizimba:
Naunga mkono hoja ya bei. Mama, kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 ni ya wanawake, nayo haina riba. Iulizieni kwa ajili ya msimu wa pili, msiichanganye na deni hili la sasa.

Mama Nansio:
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu kila jibu. Hesabu ya mifuko 144 ilinyamazisha kikao. Tumekubaliana kuomba vifaranga 3,000 kwanza, tulishe kwa mifuko 50 ya mkopo na 40 ya akiba. Mfanyabiashara nimempigia, amesema bei ya siku ya mavuno anaweza kuizungumza kwa msimu wa pili, na anakuja Alhamisi na karatasi yake. Mwana wa Ziwa, kile kipengele cha samaki kufa, wewe ungekiandika vipi? Nataka nikiingize kwa mkono kabla hajafika.

Mwana wa Ziwa:
Andika: "Samaki wakifa kwa maji kugeuka, na afisa uvuvi akathibitisha, hasara ya chakula itagawanywa nusu kwa nusu." Akikataa nusu, anza kushuka taratibu, ila usikubali sifuri.