Kutoka jeshini, hapa Lubumbashi: ulinzi, INPP, lori au shamba?

Baba Mapacha, Katuba

Jambo wakubwa kwa wadogo. Naomba mnisaidie kupima jambo hili kabla sijakosea.

Niliingia jeshini 2005, nikapitia kambi ya Kamina, na sehemu kubwa ya miaka yangu 20 niliimaliza kwenye atelye, yaani karakana, ya magari: malori ya dizeli, jenereta, mara nyingine kuendesha kwenye misafara. Sasa nimetoka. Karatasi ya kuachiliwa ninayo, mihuri yote imo. Nina miaka 43, mke na watoto watano, mkubwa anamaliza sekondari mwaka huu. Nyumba tunapanga. Akiba yangu yote ni dola 1,800.

Njia ninazoziona ni nne. Kuna kampuni ya ulinzi iliyo tayari kunichukua wiki ijayo, dola 170 kwa mwezi, zamu za saa 12. Kuna INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, nikajifunze mitambo mizito. Kuna kuendesha lori kati ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na Kolwezi, ingawa permi yangu, leseni ya udereva, ni ya jeshi. Na kuna shamba: shemeji yangu ana hekta mbili njia ya Kasenga, anataka tulime mahindi nusu kwa nusu, mimi nitoe hela.

Karibu wote wanaonizunguka wanasema chukua ulinzi, ni kazi ileile ya jeshi ila haina vita. Moyo wangu haujakubali, lakini tumbo la mtoto halingoji moyo wa baba. Nyinyi mnaonaje?

Mlinzi wa Golf

Papa, pole na safari. Mimi nilitoka jeshini nikaingia ulinzi bila hata kupumzika mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa sita.

Wanaosema ni kazi ileile hawajasimama getini. Bunduki hutaigusa. Walinzi wa kampuni hawabebi silaha za moto. Mahali panapotakiwa silaha wanaombwa polisi. Wewe una filimbi, tochi, kirungu na daftari, na daftari ndilo kazi yenyewe. Saa sita usiku gari linaingia, unaandika namba, jina la dereva na kilichobebwa. Saa tisa linatoka, unalinganisha. Asubuhi waya wa umeme haupo, bosi anafungua daftari lako kabla hajakusalimia. Na kama kwenye zamu wewe ndiye askari wa zamani, macho yote yanakugeukia wewe kwanza. Mimi yalinipata: niliwekwa nje siku tisa bila malipo, mpaka waya ukaonekana kwa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyeniomba msamaha.

Uzuri wake ni kwamba mshahara unahesabiwa tangu siku ya kwanza na hawakuulizi diploma. Kabla ya kutia sahihi uliza kama watakuandikisha CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, na uliza saa. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kipimo cha kawaida. Zamu sita za saa 12 ni saa 72. Usione aibu kuuliza zile 27 zinahesabiwaje.

Kama unga umeisha nyumbani, ingia. Ila ujiwekee siku ya kutoka, uiandike mahali. Mimi sikuiandika, na geti ni lilelile.

Fundi wa Kampemba

Baba Mapacha, umeandika mstari mmoja ukaupita haraka mno: karibu miaka 20 kwenye atelye. Mtaji wako ni huo. Dola 1,800 ni nauli tu.

Mimi ni fundi wa dizeli kwenye kampuni inayohudumia migodi. Nimewaona wanajeshi wa zamani wengi wakija kuomba kazi. Barua zao zinafanana: nidhamu, uaminifu, kulitumikia taifa. Mkuu wa atelye anasoma, anaweka pembeni. Si kwamba anawadharau. Ana lori limesimama, anatafuta mtu wa kupima nozeli. Andika injini ulizofungua, pampu ulizotengeneza, magari mangapi yalikuwa chini ya mikono yako na mafuta yake uliyahesabu vipi. Cheo kiweke mwisho.

INPP ipo tangu 1964, na haikujengewa vijana peke yao. Inapokea hata mtu mzima anayebadilisha kazi. Usianze na mafunzo marefu. Nenda uombe kupimwa kiwango chako kwanza, halafu usome kile kinachopungua. Nadhani kwako kitapungua umeme wa magari na kusoma makosa ya injini kwa kompyuta. Mashine za migodini za leo hazitambuliki kwa sikio kama yale malori yenu.

Kuhusu wapi pa kuomba: usiende kukaa kwenye geti la mgodi mkubwa. Kazi nyingi za matengenezo zinafanywa na kampuni ndogo zinazopewa mikataba na mgodi, na sheria ya 2017 inataka mikataba hiyo iende kwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Kwa hiyo tafuta watu wa jenereta, wa pampu, wa matairi makubwa. Upande wa Kipushi pia tazama. Mgodi ule uliolala tangu 1993 ulianza tena kutoa zinki 2024, na kutoka mjini ni kama kilometa 30. Kadi ya ONEM, ofisi ya serikali ya ajira, chukua vilevile.

Jambo moja zaidi, na hili linaniuma kwa sababu nimeona watu wakipotezwa nalo. Watakuanzisha kwa siku, jurnalie. Usikatae, lakini hesabu siku zako. Sheria ya kazi inasema ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, wakikuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wako unahesabiwa kuwa usio na kikomo. Wako wanaomwachisha mtu siku ya 21. Ukijua hesabu unaongea nao kwa heshima bila kubembeleza.

Dereva wa RN1

Permi ya jeshi haitakufikisha mbali, tafuta ya kiraia ya malori na trela. Kazi ipo kweli: shaba na kobalti zinashuka kwenda mpakani, salfa, asidi, mafuta na unga vinapanda kutoka huko. Shida ni maisha yenyewe. Foleni ya Kasumbalesa inaweza kukulaza siku tatu ndani ya kabina, unapika chini ya trela. Ukivuka kwenda Zambia unahama upande, huku kwetu ni kulia, kule ni kushoto, na polisi anakuongelesha Kiingereza au Kibemba.

Nina miaka 11 barabarani. Mtoto wangu wa tatu alianza kutembea mimi nikiwa kwenye foleni. Kama ni hela tu, lori liko mbele ya ulinzi. Kama ulitoka jeshini ili ukae na familia, papa, hapo sitakudanganya.

Mama Mahindi

Hakuna aliyegusa shamba, niseme mimi.

Mvua zetu zinashika Novemba. Tunapanda kati ya mwisho wa mwezi huo na katikati ya Desemba, tunavuna Aprili na Mei. Hela utakayoizika leo utaiona baada ya nusu mwaka, ikionekana. Wakati wa mavuno kila mtu anauza na bei inaanguka. Anayepata ni yule mwenye mahali pakavu pa kuweka magunia mpaka Januari, wakati unga umepanda na kila nyumba inahangaikia bukari, ugali wetu. Udongo wetu ni mwekundu na una asidi, bila mbolea na mbegu nzuri unavuna mabua. Halafu kuna viwavi jeshi. Wanaingia kwenye moyo wa mmea ukiwa bado unafika magotini, na ukipita mbali huwaoni. Lazima uiname asubuhi, ufungue majani kwa vidole, uone ule unga wa kahawia wanaouacha. Shamba linalosimamiwa kwa simu linaliwa.

Lakini swali langu kubwa kwa shemeji yako ni hili: hekta hizo ni za nani? Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya leta, yaani serikali. Chifu anakupa ruhusa ya kulima, na watu wanamheshimu, ila ruhusa yake si cheti. Mimi na mume wangu tuling'oa visiki misimu miwili. Mwaka wa tatu akaja mtu na karatasi kutoka mjini, tukatoka na majembe yetu tu. Omba kuona karatasi kabla hujatoa hata franga moja.

Mama wa Ruashi

Naomba niingie, ingawa mimi sikuvaa buti. Niliyefunga naye ndoa ndiye aliyevaa.

Mnalinganisha mishahara, na ni haki. Kuna kitu hamjakigusa. Mume wangu alipotoka jeshini, miezi ya kwanza alikuwa anaamka saa kumi ya alfajiri, anakaa kwenye kiti mbele ya mlango mpaka kunakucha. Watoto akiwaita wanasimama mstari. Hakumpiga mtu, lakini nyumba ilinyamaza. Halafu akapata ulinzi wa usiku, akaufanya miezi minne. Mchana analala, watoto wanaambiwa nyamazeni. Usiku yuko peke yake na yale aliyoyaona Kivu. Kwa mtu aliyetoka vitani usiku wa peke yake ni mrefu mno. Alikonda, na si kwa njaa.

Kilichomrudisha ni garaji ya pikipiki ya jirani. Hela haikuwa ya maana. Lakini anarudi jioni na grisi mpaka kwenye kiwiko, anaomba maji ya kunawa na sabuni ya unga, ananawa huku anasimulia nani kaleta pikipiki gani na imeharibikaje. Kusimulia! Nilikuwa sijamsikia akisimulia miaka.

Jiandae na kitu kingine, kaka. Watu watakuja. Kwetu alikuja mtu wa mtaa na dola 50, anataka mume wangu avae koti lake la jeshi amtishe mpangaji asiyelipa. Alikataa, na kesho yake alirudisha kambini koti na kofia vilivyokuwa vimebaki kwenye sanduku. Usiache hata kofia ndani ya nyumba.

Na hizo dola 1,800 zigawe leo. Hela ya unga, kodi ya nyumba na minervali, ada ya shule, ya miezi mitatu mpe mama watoto azishike, aingie na likelemba, mchezo wa kuchangiana kwa zamu, kama anayo. Zinazobaki ndizo za kujifunzia.

Baba Mapacha, Katuba

Mama, asante. Mke wangu amesoma maneno yako mara mbili, halafu akanyamaza, halafu akasema hata sisi tuna kile kiti cha mlangoni.

Nikichukua ulinzi wa usiku na INPP mchana, nitaweza?

Mlinzi wa Golf

Wako waliofanya. Omba zamu ya mwisho wa wiki, wengine wanakubali.

Fundi wa Kampemba

Sikubaliani na ndugu yangu hapa. Baada ya saa 12 za usiku hutashika somo la umeme, utasinzia mkono uko kwenye betri. Afadhali nusu ya hela kwa miezi mitatu.

Baba Mapacha, Katuba

Narudi, nimekawia wiki sita.

Ulinzi sikuuchukua. Nilizunguka na barua mpya, ile ya injini, bila cheo juu. Nilipeleka sehemu saba. Ya saba, mkuu wa atelye hakumaliza hata kuisoma. Alinipeleka nyuma kwenye injini ya silinda sita, kifuniko kimeshatolewa, akaniwekea vipimo juu ya kitambaa akasema panga valvu. Akaondoka. Niliizungusha injini kwa mkono polepole mpaka silinda ya kwanza ikakaa juu, nikaanza kupitisha kipimo. Mikono ilikuwa inatetemeka kama ya kuruta. Kwenye silinda ya tatu iliacha. Aliporudi alichukua kipimo mwenyewe, akapitisha kwenye mbili, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia kwenye atelye ya magari. Hakuuliza ya nani.

Ni jurnalie, siku nne kwa wiki. INPP wamenipima: dizeli niko vizuri, umeme ndio unaopungua, kama Fundi alivyosema. Naanza mafunzo mafupi mwezi ujao kwa zile siku zangu mbili zilizo wazi.

Shemeji nilimwomba karatasi. Alikuwa na barua ya chifu tu. Hatukugombana, tumekubaliana kulima robo hekta, ya kula nyumbani, na mbolea yake nimenunua mimi.

Mapacha wanashindana nani aniletee maji ya kunawa. Jana ilikuwa siku yangu ya 14. Mke wangu ndiye anayeandika kwenye daftari, tarehe na saa ya kutoka.

Fundi, swali moja: INPP wameniambia nije na multimita yangu, kile kipimo cha umeme. Kwenye soko la Kenya, komini ya hapa mjini, wananionyesha za bei mbalimbali, zote za njano. Nichukue ipi?

Fundi wa Kampemba

Usinunue. Jumamosi pita kwangu, nina mbili.