Mausi kwenye mfumo mdogo wa madirisha: /dev/input/mice, evdev au gpm?

Kijana_Iyunga (Mbeya): Wakuu, habari za huko. Naandika mfumo mdogo wa madirisha unaochora moja kwa moja kwenye fremubafa ya Linux (kumbukumbu inayoshika picha ya skrini), bila X, ule mfumo wa madirisha uliozoeleka. Utatumika kwenye kompyuta ndogo ya mizani ya kahawa kule Mbozi, na RAM ni MB 64 tu. Madirisha yanachorwa vizuri, imebaki mausi. Njia nilizoziona za kuisoma ni tatu: faili la /dev/input/mice, evdev (matukio ya kila kifaa kwenye faili lake, kama /dev/input/event2), na gpm (programu ya pembeni inayosoma mausi). Ipi itanifaa, ikizingatiwa kwamba baadaye wanataka skrini ya kugusa?

Fundi_Kihesa (Iringa): Karibu mkuu. Anza na /dev/input/mice. Kerneli (kiini cha Linux) inakukusanyia mausi zote zilizochomekwa, halafu inakupa lugha moja tu, ile ya mausi za zamani za PS/2: baiti 3 kila pakiti, yaani vitufe, X na Y. Tuseme umesoma 41, 5, 253. Hiyo 41 ni 32+8+1. Ile 1 ni kitufe cha kushoto kimebonyezwa, 8 huwa ipo siku zote, na 32 inasema Y ni hasi. Kwa hiyo X ni 5, na Y ni 253 toa 256, yaani -3. Angalia hapo: Y ya mausi inaongezeka kwenda juu, ya skrini inaongezeka kwenda chini. Geuza alama, la sivyo mshale utakwenda kinyume na mkono.

Dada_Mafinga: Kaka Fundi, kwa mausi peke yake sina ubishi. Lakini kasema skrini ya kugusa, na pale pakiti ya PS/2 haitoshi, maana yenyewe inajua kusogea tu, haijui mahali. Evdev inakupa EV_REL (kusogea) kwa mausi na EV_ABS (mahali halisi) kwa kidole. Ila mdogo wangu, usisogeze mshale kila tukio linapofika. X inakuja peke yake, Y peke yake. Subiri SYN_REPORT, alama kwamba ripoti moja imekamilika, ndipo uchore, usije ukaona mshale unapanda ngazi.

Kijana_Iyunga: Asante dada. Na mausi ikichomolewa ikarudishwa? Pale mezani watu wanachomoa hovyo.

Dada_Mafinga: Hapo ndipo evdev inasumbua. Leo ni event2, ikirudi inaweza kuwa event3. Tumia majina ya /dev/input/by-id, na read ikirudisha ENODEV (kosa la kifaa kutokuwepo) funga faili ujaribu kufungua tena. Kwa /dev/input/mice huna kazi hiyo, nakiri.

Mzee_wa_Njombe: Gpm iache, mwanangu. Ilitusaidia sana enzi za mausi za siriali, lakini kwako ni programu nyingine ya kulisha kwenye RAM hiyo ndogo. Fungua msimbo wa Microwindows, mfumo mdogo wa madirisha kama wako, uone walivyopanga: kila draiva ya mausi ina Open, Close na Read, na Read inajibu kama namba zilizokuja ni za kusogea au za mahali halisi. Mfumo wenyewe hauulizi zimetoka wapi.

Kijana_Iyunga: Shikamoo mzee, nimeuona. Basi draiva mbili nyuma ya Read moja: mice kwa sasa, evdev skrini ikifika.

Mzee_wa_Njombe: Marahaba. Kabla ya kuchora mshale, hifadhi kwanza pikseli zilizo chini yake, na uufiche kila dirisha linapochorwa mahali hapo.

Fundi_Kihesa: Na mtumiaji anayeendesha programu mwingize kwenye kundi la input, usiiendeshe kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote).